Santuri ya Mlinda Ulezi

Nimeipata. Nimeipata Rujewa, kwenye ghala la mashine ya kukoboa mpunga, ndani ya kiroba kilichokuwa kimelaliwa na paka. Miaka yote nilikuwa nikijiambia kwamba siku nikiipata nitapiga vigelegele mpaka majirani zangu wa Uyole watoke nje, lakini nilipoiona nilikasirika tu. Nilimkasirikia mwenye mashine, kijana wa watu asiye na kosa, kwa sababu alikataa kuniuzia ile moja peke yake. Alisema kiroba ni kiroba, mama, ukitaka unabeba chote, yeye hana muda wa kuchagulia watu. Basi nikabeba chote: mahubiri, masomo ya Kiingereza, muziki wa nchi nisizozijua, na katikati ya takataka hizo, ndani ya bahasha ya kaki iliyojaa vumbi la pumba, santuri ndogo ya nyimbo mbili ambayo nimeitafuta tangu nilipoanza kupokea mshahara wangu mwenyewe.

Kwenye basi niliiweka mapajani. Jua lilikuwa linapiga dirisha la upande wangu, na santuri ikipata joto inatoa harufu yake, harufu nzito ya plastiki na karatasi iliyowahi kulowana. Harufu hiyo ilinitoa kwenye basi la Rujewa ikanirudisha sebuleni kwetu Kihesa, Iringa, nikiwa na miaka saba, miguu imepasuka kwa baridi, nimepiga magoti mbele ya gramafoni ya baba. Sikuomba kurudishwa huko.

Watu wanaonifahamu husema mimi ni mkusanyaji wa santuri, na wanalisema kwa heshima, kana kwamba ni kazi ya watu waliosoma. Marehemu mume wangu alikuwa akiziita sahani zisizolika ugali. Ukweli ni kwamba mimi sikukusanya kitu. Nilikuwa natafuta santuri moja, na hizo nyingine zilizojaza makabati mawili nilizipata njiani, maana huwezi kwenda kwa mwenye baa ya zamani ukamchambulia mali yake yote kisha ukaondoka mikono mitupu. Nimezikuta santuri zimefunikiwa mitungi ya maji, zimeanikiwa pilipili, moja imetobolewa kwa msumari wa moto ikawa saa ya ukutani. Wenzangu wa Dar es Salaam, wale wanaojua kila bendi na kila mpiga gitaa, walikuwa wakinipigia simu kuniuliza habari za miziki ya kwetu. Niliwauliza kuhusu kundi la Nyuzi Tatu la Iringa. Mmoja akacheka, akasema eti hiyo ni hadithi ya watu wa Iringa tu, kundi hilo halijawahi kutoa santuri. Nilimkatia simu. Mtu mzima na mvi zangu, nikamkatia mtu simu.

Wimbo ulikuwepo. Mama yangu aliuimba.

Mama alikuwa Mhehe wa kule Kalenga, na kabla sijazaliwa yeye na rafiki yake Skola walikuwa wakiimba na vijana watatu wapiga magitaa waliojiita Nyuzi Tatu. Waliimba kwenye harusi na siku za mnada. Mwenye duka la redio pale mjini akawapenda, akawapakia kwenye basi hadi Nairobi, wakati ule mpaka wa Kenya bado uko wazi, wakaimba mbele ya mashine siku moja, wakarudi wamevimba miguu. Miezi baadaye likaja boksi moja la santuri. Zikauzwa pale pale dukani, zikaisha, na hakuna aliyeagiza boksi la pili. Moja ilibaki kwetu. Mpaka hapo nilikuwa nayajua yote, maana baba alipenda kulisimulia jambo hilo kila mgeni alipofika. Baba alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, karani kwenye ujenzi wa barabara kuu ya lami, na alijivunia vitu viwili: mwandiko wake na koo la mkewe.

Wimbo wenyewe ulihusu kulinda ulezi. Kwa kina mama yangu ulezi ukikaribia kukomaa, wasichana walipanda kwenye madungu, vile vichanja virefu vya miti, kila mmoja shambani kwao, wakashinda wakifukuza ndege. Kutwa ni ndefu na dunguni huna wa kuongea naye. Kwa hiyo msichana wa upande huu wa bonde anapaza sauti kwa mwenzake wa ng'ambo: umeamka salama? Ndege wako wanakula? Nani anapita hapo chini barabarani? Na wa ng'ambo anamwitikia. Nyuzi Tatu waliuchukua mwito huo wakautia magitaa, laini kabisa, na kingoma kidogo kwa chini. Haya nayaeleza leo kwa ujuzi wangu wa ukubwani. Wakati ule baba alikuwa anaweka sindano juu ya santuri na kuniambia nimsikilize mama yangu, nami nikamsikiliza. Anayeita ni mama, anayeitikia ni mama; Skola sikumfikiria kabisa. Wangeniambia na gitaa ni mama ningekubali.

Siku zile mama alikuwa anaimba nyumbani. Hilo nalijua kama ninavyojua kwamba nilinyonya: najua ilikuwa hivyo, lakini sauti yenyewe siikumbuki. Imebaki kama joto la jikoni tu.

Halafu babu akaja. Baba yake baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na pale Iringa hospitali ya misheni ilipata daktari wa macho. Akapakiwa kwenye lori kutoka Tukuyu pamoja na mikungu miwili ya ndizi na mfuko wa majani ya chai, akapasuliwa, na akaletwa kwetu akiwa amefungwa bandeji macho yote ili yasihangaike mpaka daktari aseme. Nyumba yetu ilikuwa ndogo. Akawekewa kitanda sebuleni, karibu na gramafoni.

Siku hiyo hiyo mama alitoweka mbele ya nyumba. Akawa mtu wa uani. Alitumia mlango wa nyuma, akapika kwenye kibanda cha nje ingawa upepo wa Iringa mwezi wa saba unakata masikio, na chakula cha babu nilikibeba mimi. Babu akitaka kwenda msalani nilitangulia nikitangaza kwamba babu anatoka, na mama akaacha chochote alichoshika, akajitanda kitenge kichwani na kukimbilia nyuma ya ua wa jirani mpaka apite. Jina la babu hakulitaja. Hata sauti yake aliishusha. Aliponituma aliniita kwa mkono, akaninong'oneza. Mama yangu, aliyekuwa akiniita kutoka kisimani nikasikia nikiwa shuleni.

Mtu mzima anayesoma hapa ameshaelewa. Kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Wanakwepana, na kukwepana huko ndiyo heshima kubwa kuliko zote. Mama hakuzaliwa nayo desturi hiyo, lakini aliolewa nayo, na aliishika kwa bidii ya mgeni, kuliko hata wenyewe. Lakini mimi nilikuwa na miaka saba na hakuna aliyenieleza. Nilimwuliza baba, akanijibu kwamba hiyo ni heshima, akaendelea kunyoa ndevu. Heshima niliyofundishwa mimi ilikuwa kupiga goti, kutoa shikamoo na kupokea mzigo. Sikuona heshima ya kukimbia. Tena kumkimbia mtu aliyefungwa macho! Hiyo ndiyo iliyonichanganya kabisa. Angekuwa anaona, ningesema mama hataki kuonwa. Haoni kitu, anapapasa ukuta, sasa mama anajificha nini? Shuleni nilikuwa na msichana mmoja niliyekuwa nikimkimbia namna ile, na sababu ilikuwa kwamba tumepigana. Nikapata jibu langu. Mama na babu wamegombana, na hakuna mwenye ubavu wa kuanza kuomba radhi.

Nikajipa kazi ya kuwapatanisha.

Mchana baba yuko kazini, na mama siku hizo alikuwa anakwenda kuchambua maharage kwa rafiki yake Skola, nadhani ili apumzike kujificha. Betri za gramafoni zilikuwa zimechoka. Wakati ule betri mpya ulipozitaka hukuzipata, kwa hiyo tulizianika dirishani zipate jua, nazo zilipata nguvu kidogo. Nikazipachika. Nikafungua mfuniko, nikaweka santuri, nikateremsha sindano kwa mikono miwili kama nilivyomwona baba. Mpango wangu ulikuwa huu: babu asikie mama anavyoimba, aupende wimbo, halafu nimwambie ni nani, na baada ya hapo watasalimiana na mama ataingia ndani aache kuumwa na upepo.

Babu aliupenda. Jamani, aliupenda. Siku ya kwanza aliinua kichwa, akageuza sikio moja, na wimbo ulipokwisha akaniambia nirudie. Siku ya pili alinisubiri. Nilipotoka shule nilimkuta ameshakaa kitandani, mikono juu ya fimbo. Alikuwa mzee aliyezoea kuona vitu vyake vyote, migomba yake, ng'ombe wake, mlima wake, na sasa amewekwa gizani kwenye mji usio wake, hana la kufanya ila kunusa chakula. Wimbo ule ulimpa pa kukaa. Alianza kupiga fimbo sakafuni taratibu kufuata kingoma, na mimi nikawa nacheka peke yangu kwa siri niliyoibeba.

Siku ya tatu wimbo ulipofika katikati akaniambia nisogee. Akasema hivi, na maneno yake ninayo mpaka leo: "Mjukuu wangu, huyu anayeita hapo mwanzo namwacha. Lakini huyu anayemwitikia kutoka ng'ambo! Ningekuwa na magoti yangu ya zamani, kesho asubuhi ningempelekea baba yake ng'ombe."

Niliona muda umefika. Nikamwambia, "Ni mama huyo, babu."

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Huyu wa jikoni."

Fimbo ilisimama. Wimbo ukaendelea wenyewe, betri zinachoka, magitaa yanalegea. Akaniambia nizime. Nikazima. Akaomba nimsaidie atoke nje, na akakaa kwenye kibaraza, kwenye upepo, bandeji usoni, mpaka baba aliporudi jioni. Sikuambiwa niende mbali, kwa hiyo nilikaa pale pale, nikingoja sehemu nzuri ianze.

Waliongea Kinyakyusa. Nilikuwa nakisikia kidogo. Nilisikia babu akisema amekosa, amemtamkia mkwewe maneno ya posa, na baba akisema hapana, mzee hakujua, na babu akisema kutojua hakuondoi. Aliongea kwa unyonge, kama mtu aliyekanyaga kaburi. Kisha baba akaenda uani kwa mama. Hakwenda na maneno ya babu yote. Alimwambia tu kwamba mzee ameisikia sauti yake kwenye santuri, ameisifu kama mtu anavyosifu msichana, na kwamba mimi ndiye niliyeipiga. Mama alikuwa ameshika ungo. Aliuweka chini, akanitazama, hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Kesho yake babu alihamishiwa mtaa wa Mlandege kwa Mnyakyusa mwenzake mpaka alipofunguliwa macho, akarudi Tukuyu anaona. Huko wazee wakakaa, ng'ombe akachinjwa, maneno yanayosemwa yakasemwa, na ujumbe ukaletwa kwamba yamekwisha. Na kwa babu yalikwisha kweli. Kila mwaka mpaka alipokufa alimletea mama ndizi na majani ya chai, yeye mwenyewe akiagiza kwamba ni za mkwewe. Desturi ilishafungua ilichofunga. Kila mtu aliendelea na maisha yake, isipokuwa mama.

Mama alisema sentensi moja tu, siku baba alipojaribu kumbembeleza arudie kuimba. "Mdomo uliponza kichwa. Huu wangu sasa utakuwa wa kulia ugali." Baba alidhani ni hasira ya wiki moja. Santuri akampa dereva wa lori la kwenda Mbeya, akamwomba aipeleke popote mradi isivunjwe, maana kuivunja aliona kama kumvunja mama koo. Niliiona ikiingia kwenye lori, ndani ya bahasha yake ya kaki, juu ya dashibodi.

Na mama hakuimba tena. Sisemi alipunguza. Hakuimba. Kanisani alifungua kitabu, akafuata kwa midomo, hakuna kilichotoka. Wadogo zangu wawili waliozaliwa baadaye aliwabembeleza kwa kuwapigapiga mgongo tu, kimya, mpaka walale. Na Skola, rafiki yake wa tangu dunguni, aliacha kwenda kwake. Akimwona sokoni mama alivuka barabara. Nikadhani nao wamegombana. Siku ya harusi yangu akina mama wote walikuwa wanaimba uani, na mimi bi harusi mzima nikamfuata nikamwomba, wimbo mmoja tu, mama, hata ubeti mmoja. Akanishika mkono akasema, imba wewe. Miaka mitano baadaye tukamzika.

Huwa nakasirika mpaka naongea peke yangu jikoni. Baba angeacha ule wembe dakika moja akanieleza! Mama angenivuta sikio akaniambia, mwanangu, sijagombana na mtu, hii ni desturi ya kwa baba yako. Mtoto wa miaka saba anaelewa akielezwa. Lakini kwetu mtoto alikuwa anatumwa chakula, anatumwa maji, anatumwa kutangaza kwamba babu anatoka, na haambiwi kwa nini. Halafu akiharibu wanashangaa. Na hakuna hata mmoja, si baba, si wale wazee wa Tukuyu na ng'ombe wao, aliyewahi kuniita akaniuliza: wewe uliyekuwepo, babu alisema nini hasa?

Ndiyo maana niliitafuta santuri ile. Nilikuwa nimemnyamazisha mama yangu, na pahali pamoja tu duniani alikuwa bado anaimba.

Nilipofika nayo Uyole niliiosha kwa maji na sabuni, nikaikausha kwa kitambaa cha pamba, nikaiweka kwenye mashine yangu nzuri inayotumia umeme. Nikakaa chini. Magitaa yakaanza, kingoma kikafuata, na msichana akaita. Kisha msichana mwingine akaitikia.

Msichana mwingine! Niliondoa sindano nikairudisha. Walikuwa wawili. Sauti zinakaribiana kama za ndugu, lakini ni wawili, na kuna mahali karibu na mwisho sauti zao zinapandana. Nikachukua miwani nikasoma lebo, maandishi madogo yaliyofutikafutika: waimbaji Skola na Maria. Maria ni mama yangu. Utotoni sikuwa nimesoma hapo, na kwa betri zile zilizochoka sauti zote zilivutika zikawa nzito, zikafanana. Basi, miaka yote nimeisaka sauti ya mama, nimeshaipata, na nimekaa mbele yake siijui. Nilirudia wimbo ule mpaka jirani akagonga kuuliza kama kuna msiba. Nikafunga macho kama babu. Sauti ya mama ya kusema naijua mpaka kikohozi chake, lakini msichana wa miaka ishirini anayepiga kelele kuvuka bonde hasemi kama mama yako anavyosema.

Hapo ndipo maneno ya babu yaliponijia, maneno ambayo hakuna aliyeniuliza. Huyu anayeita namwacha. Huyu anayeitikia kutoka ng'ambo.

Asubuhi nilipanda basi la Iringa. Nilijua Skola yuko hai. Nilikuwa najua siku zote, na nilimkwepa siku zote kwa sababu niliamini alimkosea mama. Nilimkuta Kihesa ile ile, nyumba ya tatu kutoka iliyokuwa yetu, amekaa juani na blanketi miguuni. Nikamsalimia kwa Kihehe, kamwene, mama mdogo. Akaniita kwa jina la mama.

Nilikuwa na mashine ndogo ya kubeba. Nikaiweka juu ya stuli, nikapiga. Wimbo ulipoanza alishika mdomo kwa mkono mmoja. Msichana wa kwanza alipoita, akasema taratibu, "Maria." Wa pili alipoitikia akajigusa kifua. "Mimi huyu. Siku hiyo nilikuwa na mafua, wewe sikiliza, hapo, hapo pananikwama."

"Una hakika wa ng'ambo ni wewe?"

"Mwanangu, shamba letu ndilo lilikuwa ng'ambo."

Sikuweza kuzima mashine, wimbo ukaisha wenyewe. Kumbe babu hakuwa amemsifu mama. Sauti ya mkwewe aliisikia, akaiacha, akampenda mwingine. Kama kulikuwa na kosa lilikuwa dogo, la kusikia tu, na posa ile ilikwenda kwa msichana ambaye babu angeweza kumposa kihalali, mbele ya watu wote. Neno moja la nyongeza kutoka mdomoni mwangu lingetosha. Nilikuwa nalo neno hilo tangu nina miaka saba.

Skola alikuwa ananitazama. Akaniuliza kitu ambacho alionekana amekitunza siku nyingi. Kwa nini mama yako aliniacha? Alisema watu walikuwa wakimsifia yeye kuliko Maria, mwenye duka la redio hasa, na yeye alidhani Maria alichoka, akaona wivu, akaacha kuimba ili wasilinganishwe tena. Alimfuata mara mbili kumwomba radhi kwa kosa asilolijua. Mama hakumfungulia mlango.

Nikamweleza yote. Babu na bandeji, betri dirishani, fimbo, ng'ombe. Nilimrudia maneno ya babu kama yalivyo, kwa mara ya kwanza maishani nikayasema kwa mtu. Nilitegemea alie, kwa sababu mimi nilikuwa nalia.

Skola alianza kucheka. Alicheka kwa koo bovu la kizee, blanketi likaanguka, akashika kiti.

"Kwa hiyo wale ng'ombe walikuwa wangu," alisema. "Mungu wangu, Maria angelisikia hilo. Angecheka mpaka akae chini. Unamkumbuka anavyocheka? Akianza, miguu inamwisha, anakaa pale pale alipo, hata iwe njiani, hata iwe sokoni mbele za watu, mpaka mtu amwinue."

Nilimwambia ndiyo, namkumbuka. Nilimdanganya. Nilikuwa na mama yangu mpaka alipokufa, na sikuwahi kumwona akikaa chini kwa kucheka hata siku moja.